PS5 yangu ilikataa timu yetu ya zamani, ikabidi tuitafute kwa alama ya ng'ombe

Wakuu, ejok?

Hapa Lodwar feni inanipulizia upepo wa moto, lakini leo hata joto silisikii. Nina jambo limenijaa kifuani na nisipolitoa humu litanipasua.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma kimya kimya mkigombana kuhusu console. Mara mpya zimepoteza ladha, mara za zamani zilikuwa takataka. Leo na mimi nina uzi wangu. Nitasimulia vile ilivyokuwa, chumvi sitii. Chumvi yetu huku tunawekea samaki.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, mke wa mtu na mama wa watoto, na ndiye mwenye den ya gemu, banda la kucheza kwa kulipia. Wale mlioanza kuniita "bro" kabla ya kusoma mstari huu, nawasamehe.

Den yangu niliianzia Kakuma mjini, karibu na kambi ya wakimbizi. Nilikuwa na TV moja ya mgongo, pad mbili zilizofungwa kwa selotepu, na PS2 moja ambayo wateja waliibatiza jina la Mzee.

Mzee alikuwa mashine, wakuu. Vumbi la Kakuma mnalisikia tu. Lile vumbi likiamua kuingia, linaingia hadi kwenye unga uliofungwa. Mzee alikuwa anakula vumbi na bado anasoma CD.

Pale Kakuma tulikuwa na desturi yetu ambayo sijaisikia popote kwingine.

Kambini watu huondoka. Mtu anakaa miaka akingoja, halafu jina lake linabandikwa kwenye ubao kwamba safari yake ya ng'ambo imeiva, na muda si mrefu anapanda ndege. Huyo hamtamwona tena. Leo anakudai mechi ya marudiano, wiki ijayo yuko kwenye theluji.

Kwa hiyo kabla mtu hajaondoka, tulikuwa tunamkalisha mbele ya Mzee, tunafungua gemu ya mpira, tunaingia edit mode, tunamtengeneza awe mchezaji. Jina lake, nywele zake, urefu, rangi ya viatu, mguu anaopigia. Timu yenyewe tuliiita Waliopaa.

Deng, golikipa wetu wa Sudan Kusini, alikuwa mrefu kupita kipimo cha mwisho cha gemu. Ikabidi aingie timuni akiwa mfupi kidogo. Alilalamika hadi siku anapanda basi la uwanja wa ndege.

Sheria ilikuwa moja tu. Hakuna kujitengeneza mwenyewe. Ukiachiwa ujitengeneze utajipa mbio usizokuwa nazo. Lazima wenzako wakutengeneze wakiona, na wewe ukae pembeni ubishane.

Aliyekuwa na mkono wa kazi hiyo alikuwa Bahati. Bahati ni kijana wa Kongo, alifika kambini akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Anaweza kukaa saa nzima akitafuta nywele zinazofanana na zako. Karibu timu yote ya Waliopaa ni kazi ya mikono yake. Aliwatengeneza wote wakaenda, yeye akabaki.

Nilipohamia Lodwar nilikuja na Mzee na memory card iliyohifadhi Waliopaa. Bahati akafungua kibanda chake kule Kakuma na PS2 nyingine aliyoifufua. Kila tukikutana tulikuwa tunacheza derby, Lodwar dhidi ya Kakuma, na kila mtu alitaka kuchukua Waliopaa.

Sasa kuna kitu mkishike, kitawafaa huko mbele. Siku moja mteja alibadilisha memory card yangu kwa bahati mbaya akaondoka nayo. Kulikuwa na vita hadi ikarudi! Zote ni nyeusi, zote ni ndogo kama kiberiti. Ba'mdogo wa mume wangu, mzee wa mifugo, alikuwa amekaa hapo akinywa chai. Akacheka sana. Akauliza, "Nyinyi, mali yenu haina alama?"

Akachukua waya, akautia kwenye jiko hadi ukawa mwekundu, akaichoma ile card alama ya ukoo wetu. Ile ile tunayochoma ng'ombe na ngamia. Mstari mmoja mrefu na mikwaruzo miwili ubavuni.

Mimi nilipiga kelele nikidhani ameiua. Haikufa. Plastiki ilinuka tu, card ikaendelea na kazi.

Haya. Tuje kwenye PS5.

Kaka yangu anakaa Eldoret, na ndiye aliyeniletea. Wakuu, siku ile! Pale Kainuk kwenye kizuizi cha polisi, afisa mmoja aliufungua mzigo akauliza kama hii ni router ya kanisa. Kaka akamwambia ni PS5. Afisa akashika kidevu, akauliza, "Inacheza CD za zamani?"

Kaka akanipigia simu hapo hapo kuniuliza. Nikajibu kwa sauti ya mwenye mali, "Inacheza zote!"

Nani aliniambia inacheza zote? Hakuna. Nilijua tu.

Na msinicheke, nilikuwa na sababu. PS2 si ilikuwa inameza CD za PS1 bila kuuliza swali? Mimi mwenyewe nilianza na CD za PS1 ndani ya Mzee. Halafu angalieni simu. Line niliyoanza nayo kwenye kabambe, ile simu ya vitufe, ndiyo hii hii iko kwenye smartphone yangu leo, tuliikata tu na mkasi ikaingia. Namba zangu zote zikanifuata. Kwa nini mtu asidhani kitu kipya kinabeba mzigo wa kitu cha zamani? Ndicho ninachokilipia!

Basi kabla PS5 haijafika, shemeji yangu Ebei akaja kutoka Kataboi, kule ziwani. Ebei ana solar na banda la kuwekea nyavu, na alikuwa na hamu ya kuwachezesha vijana wa ufuoni. Akakaa, akanywa chai, akasema, "Mke wa kaka, nimesikia ngamia mpya anakuja. Huyu mzee nipe mimi."

Kwa watu wasio wa huku niseme hivi. Mturkana akikuomba kitu, na wewe unacho kingine, na yeye ni ndugu wa mume, kukataa ni aibu yako wala si yake. Kesho wewe utamwomba samaki na atakupa bila kununa. Ndivyo tunavyoishi.

Nikampa Mzee, pad, waya na baadhi ya CD. Na memory card ikiwa mdomoni mwa Mzee. Nilijua nikiihitaji nitaifuata, nitaichomeka kwenye PS5, maisha yaendelee.

PS5 ikafika. Kipya kinyemi, wakuu! Den ilijaa hadi mlangoni. Picha inang'aa hadi unaona jasho la mchezaji. Nilikuwa natembea mjini kama mke wa chifu.

Tukiwa kwenye raha hiyo, simu ikaita. Bahati.

"Dada Akiru," akasema. "Jina yangu imetoka. Iko kwa ubao. Njo zamu yangu sasa."

Nilipiga kigelegele hadi wateja wakasimamisha mechi. Miaka yote ile! Nikamwambia Mungu ni mkubwa. Yeye akacheka.

"Dada, munitie mu équipe ya Waliopaa mbele niende. Mimi niliwatia bote. Sitaki nikuwe ule mutu moja tu alienda bila kuingia."

Wakuu, nilimwahidi. Nilimwahidi kama vile ninamwahidi maji ya kunywa. Nilisema safari yako haitafika kabla hujavaa jezi.

Nikakata simu, nikatoa CD ya zamani ya mpira kwenye boksi, nikasema jamani tujaribu kwanza hapa, card nitaifuata kesho. Nikaitia kwenye PS5.

Ikaivuta vizuri. Ikanguruma. Halafu ikaandika kwamba haiitambui diski hii.

Nikaipangusa kwa khanga. Haiitambui. Nikaigeuza, nikaipulizia, nikaiombea. Haiitambui.

Mwenye bodaboda mmoja anaitwa Eregae, ambaye hukaa kwangu kuliko anavyokaa kwenye pikipiki, akaanza kuizunguka mashine akiikagua kama ng'ombe wa mnadani. Akauliza, "Na tundu ya memory card iko wapi?"

Tukaitafuta. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Tukaigeuza juu chini. Eregae akasema labda tuikate ile card na mkasi kama line. Na mimi, wakuu, niliwaza jambo hilo kwa sekunde kadhaa!

Ndipo mteja mmoja mwenye bundle akasoma mtandaoni akatupa habari. Hii mashine inakubali diski za PS4, na kweli hizo inazimeza bila shida. Lakini za PS2 hapana. Wanaita backward compatibility, yaani mashine mpya kuzikubali gemu za mashine za nyuma yake, na kwa hii yangu, ukitumia diski, safari ya nyuma inaishia hatua moja. Inamjua baba yake, babu hamjui.

Eregae alikasirika kuliko mimi. "Ndama gani hii haijui mama yake?"

Lakini nikajipa moyo. Si Mzee yuko Kataboi? Bahati ana PS2 kule Kakuma. Ninachohitaji ni card tu.

Nikampigia Ebei. Network ya Kataboi inakuja na kuondoka itakavyo. Nilimpata baada ya kupiga hadi kidole kikauma.

"Shemeji, Mzee hajambo?"

"Mzee alikufa," akasema, kwa huzuni kabisa. "Inverter ililipuka, na yeye ikamlipua. Lakini hatukumtupa. Feni yake iko kwa kuku."

"Na memory card?"

"Ile nyeusi ya alama? Watoto walikuwa wanaichezea huko ufuoni. Sijui iko wapi sasa."

Nilikaa chini kwenye benchi la wateja. Deng, Jean wa Burundi, wale pacha wa Kongo, timu nzima ilikuwa imepotea kwenye mchanga wa ziwa. Na copy hatukuwa nayo hata moja. Msiniulize kwa nini. Nani hufanya copy ya ndama wake?

Nitaje na hili kwa sababu najua kuna mtu humu atasema "si mngemtengeneza tu upya kwenye PS2 yake". Upya na nani? Angeingia timu gani? Angevaa jezi peke yake uwanjani? Bahati alitaka kukaa na wenzake.

Mume wangu ndiye aliyenifungua macho. Alikuja kula, akanikuta nimenuna, akasikiliza yote. Akauliza swali moja, "Lakini ina alama?"

"Ina alama."

"Sasa unalia nini? Mnyama mwenye alama hapotei. Anatembea tu."

Wakuu, huku ngamia wako akipotea, hukimbii hovyo jangwani. Unatangaza. Unasema rangi, unasema alama, na popote atakapoonekana watu wa ukoo ule wanajua ni wao, wanamshika hadi ufike. Redio yetu ya hapa ina kipindi cha asubuhi cha matangazo hayo, kwa Kiturkana.

Nikaenda. Mtangazaji aliniuliza mnyama gani. Nikamwambia si mnyama, ni memory card. Akasema neno hilo hawezi kulisoma hewani, mama zake wanaomsikiliza hawatalielewa. Tukakubaliana asome hivi: kimepotea kitu kimoja, cheusi, kidogo kama kiberiti, hakina miguu, kina alama ya ukoo fulani ubavuni, kilionekana mwisho Kataboi, mwenyewe ni Akiru wa Lodwar.

Simu zikaanza. Mtu mmoja akauliza kama kinatoa maziwa. Mwingine akasema amekiona Kalokol kimepanda lori, nikajua huyo ni mlevi.

Halafu akapiga Bahati. Alikuwa anahema.

"Dada! Iko hapa! Iko Kakuma!"

"Nini?"

"Card! Mama ya samaki anayo. Ameivaa mu shingo!"

Nilidhani na yeye amekunywa kitu. Akanieleza. Kuna bibi anaitwa Ata Napeyok, muuza samaki wakavu. Ata kwetu ni bibi. Yeye hununua samaki kule ziwani akaja kuwauzia Wakongo kambini, maana Wakongo na samaki mkavu ni ndoa. Asubuhi ile alikuwa sokoni na redio yake ndogo, akasikia tangazo, akashika shanga zake, akaanza kuuliza watu, "Huyu Akiru ni nani? Kitu yake niko nayo."

Aliiona Kataboi, watoto wanairusha. Akaona alama. Ni alama ya ukoo wake, maana ameolewa ukoo wetu. Akawanyang'anya akisema kitu chenye alama yetu hakilali mchangani. Akaitoboa pembeni kwa waya wa moto, akaitundika kwenye shanga zake.

AKAITOBOA, wakuu!

Nilichukua CD, nikafunga den, nikapata lifti kwenye gari la maji hadi Kakuma. Eregae alinifuata kwa pikipiki yake barabara yote, akisema hawezi kukosa.

Kufika kibandani kwa Bahati, watu wamejaa. Ata ameketi kwenye kigoda katikati yao, mgongo wima, shanga zimepanda kutoka mabegani hadi chini ya kidevu. Na pale mbele, kwenye uzi, inaning'inia memory card yangu na alama yake!

"Ejok, Ata."

"Ejok noi. Wewe ndiyo mwenye hii kitu?"

Nikapiga magoti kwa furaha. Nikamshukuru. Nikanyoosha mkono nikamwomba aivue.

Ata akaniangalia kama nimemtukana. "Nivue shanga? Nimefiwa na nani?"

Basi hapo ndipo nilikumbuka mimi ni Mturkana. Mwanamke wa rika lake havui shanga zake za shingo akiwa mzima. Ukiona amezivua, kuna msiba au ana maradhi mazito. Na card imefungwa kwenye uzi ule ule, ukikata uzi shanga zote zinamwagika. Hakuna mtu pale aliyethubutu kutaja mkasi. Hata Eregae.

Bahati alikuwa amekaa kwenye gunia, mikono kichwani. Begi lake lilikuwa tayari limefungwa liko mlangoni. Basi lao la kwenda kiwanja cha ndege lilikuwa asubuhi inayofuata. Akasema polepole, "Dada, wacha. Nimeiona. Inatosha."

Haikutosha! Hasira ilinipanda, nikaangalia ile PS2 yake, nikaangalia shingo ya Ata, nikasema kama shingo haiji kwa mashine, mashine itaenda kwa shingo.

Wakuu, fungueni macho muone. Tulipanga magunia ya samaki, moja juu ya jingine, mbele ya kigoda cha Ata. Juu yake tukaweka PS2. TV tukaiweka nyuma ya PS2 juu ya meza. Uzi wa card ulikuwa mfupi kama kidole, kwa hiyo Ata akainama mbele kidogo, kidevu chake karibu kiguse mashine, nami nikaielekeza card kwenye tundu.

Ikaingia, na shanga mbili zikagonga plastiki.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi. Ata akauliza kama amevunja kitu. Halafu muziki wa gemu ukaanza, ikaandika kwamba data imesomwa.

Jamani! Nilipiga yowe hadi nje watu wakaja. Kumbe ule waya wa moto ulipita pembeni kabisa, ubao wa ndani haukuguswa.

Tukafungua Waliopaa. Deng golini, mfupi wake ule ule. Jean. Pacha. Wote wapo. Watu walikuwa wanataja majina yakitokea kwenye kioo, "Huyo! Huyo! Huyo aliniachia godoro lake!" Mama mmoja alimwona mwanawe, akafunika mdomo kwa leso akalia, nasi tukamwacha alie.

Sasa zamu ya Bahati. Nikashika pad mimi, maana sheria ni sheria. Mikono yangu ni ya kuchunga pesa za wateja, si ya edit mode, kwa hiyo kulikuwa na kelele.

"Dada, ile si pua yangu."

"Nyamaza, huruhusiwi."

"Munipe mbio kidogo."

"Hauna mbio, Bahati. Una pasi."

Watu wakakubali kwamba ana pasi. Tukampa pasi nyingi na viatu vyekundu. Nywele zilitushinda, tukachukua za kufanana. Namba ya jezi hakuchagua, akasema apewe iliyobaki. Na kwa desturi yetu wa mwisho kufika huanzia benchi, akakaa benchi.

Ikafika kwenye ku-save. Kioo kikaandika msiondoe memory card. Na hapo hapo mteja wa samaki akapaza sauti kutoka nje, "Mama, hawa ni bei gani?"

Ata akaanza kugeuka!

Watu wote kwa pamoja, Kiturkana, Kiswahili cha Kongo, Kiarabu cha Juba, Kisomali, "ATA USISOGEE!"

Ata akaganda. Akamjibu yule mteja bila kugeuza shingo, akamtajia bei, na nadhani aliongeza kidogo kwa usumbufu.

Ikamaliza. Imehifadhiwa. Bahati yumo.

Sikumbuki nani alimkumbatia nani. Namkumbuka Eregae akicheza na gunia. Namkumbuka Bahati amesimama mbele ya TV akiangalia jina lake chini ya majina aliyoyaandika yeye.

Kabla ya kuichomoa, tukachomeka card ya Bahati kwenye tundu la pembeni, tukafanya copy. Halafu nyingine. Mara hii nilikuwa nimepata akili.

Nikamwambia Ata aende na card ya kwanza, ni yake sasa. Akauliza kwa nini, si ni mali yangu? Nikamwonyesha kwenye kioo, nikamwambia watu wote hawa wako humo ndani ya hiyo unayovaa.

Akawaangalia mmoja mmoja. Akamwonyesha Bahati kwa kidole.

"Na huyu pia iko ndani?"

"Yuko, Ata. Ndiye wa mwisho."

Ata akaishika card shingoni, akapitisha kidole juu ya ile alama ya moto. Akamwambia Bahati, "Basi wewe ni wa alama hii. Ukipotea huko, sema. Watu wa alama hii watakurudisha."

Bahati alilia hapo. Na mimi. Eregae alisema ni vumbi.

Asubuhi basi likaondoka. Ata aliuza samaki wake wakaisha, akarudi zake ziwani.

Sasa wakuu, mafunzo, kwa kuwa najua mnayataka.

Wanaotengeneza mashine wana sababu zao, sitaki kuwatukana. Lakini mnunuzi ana haki ya kuuliza kabla ya kushangilia: hii mpya inabeba nini cha ile ya zamani? Uliza ukiwa bado na ile ya zamani mkononi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi msala wangu naupenda, unang'aa na wateja wanaufurahia, lakini mbacha wangu niliutoa na watu wakiwa wamelala juu yake.

Na fanyeni copy. Na kitu mnachokipenda kitieni alama ambayo mtu asiyejua kompyuta anaweza kuisoma.

Nasubiri maoni. Nani mwingine aliahidiwa na moyo wake kwamba mpya itasoma ya zamani? Kama kuna mtu wa Kalokol au Kataboi humu mwenye PS2 inayopumua, anitafute. Wa kuniambia niende emulator, ile programu ya kuigiza mashine za zamani, ongea kwa adabu, kuna wazee.

EDIT: Mnauliza Bahati yuko wapi. Alifika salama, kuna baridi, ameanza kazi. Kila wiki ananitumia ujumbe, na swali ni lile lile. Hata leo asubuhi ameuliza, "Dada, leo niko wapi?"

Mimi nampigia Ebei, Ebei anamuulizia Ata, halafu namjibu.

Leo nimemwambia, "Leo uko Kalokol, unanunua samaki. Alhamisi unakuja Kakuma."